UCHANGANUZI: Waandishi wa ripoti za Likoni ni akina nani, na humwandikia nani?

Kwa muda wa zaidi ya robo karne, Likoni imekuwa miongoni mwa sehemu za Pwani ya Kenya zinazochunguzwa na kuandikwa mno. Wachunguzi walikuja kuulizia ghasia za mwaka wa 1997, wakaja kuulizia maskwota, wakarudi kuulizia mihadarati, kisha itikadi kali, kisha magenge ya vijana wenye mapanga. Kila safari ilizaa ripoti, na kila ripoti haikukosa ukurasa wa mapendekezo. Suala ambalo halijapewa uzito unaostahili ni hili: ni akina nani hasa walioziandika ripoti hizo, ni nani aliyewalipa, na ni nani aliyekusudiwa kuzisoma?

Wengi watajibu kwamba ziliandikwa na mashirika yasiyo ya kiserikali. Jibu hilo lina ukweli nusu. Katika ulimwengu wa misaada wa leo, kati ya mfadhili aliyeko Geneva, London au Nairobi na kikundi cha akina mama kilichoko Mtongwe, amesimama mtu wa tatu ambaye jina lake halijulikani na wengi. Huyu ni mshauri elekezi. Yeye si mfanyakazi wa shirika wala si mfadhili. Hukodiwa kwa siku kadhaa au miezi michache, akamaliza kazi, akalipwa, akaenda zake.

Kazi zake ni nyingi. Humshauri mfadhili fedha zake ziende wapi. Huliandikia shirika ombi la ufadhili. Huchunguza hali ya mambo kabla ya mradi kuanza, na mradi ukiisha hurudi kupima iwapo ulifaulu. Kwa ufupi, ndiye anayelipa tatizo jina. Na katika mambo ya misaada, jina la tatizo ndilo linalovuta fedha. Kwa sababu hiyo, kumjua mtu huyu si udadisi mtupu. Ni kujua jinsi ambavyo maisha ya wakazi 250,358 wa Likoni, kwa hesabu ya watu ya mwaka wa 2019, yanavyoelezwa kwa wale wenye uwezo wa kuyabadilisha.

Tabaka tatu

Wenye kazi hii wamegawanyika katika tabaka tatu, na kila tabaka lina kipato chake, sauti yake na hatari zake.

Tabaka la juu ni la kampuni kubwa za kimataifa. Mfano ni Bridgespan Group, iliyoanzishwa nchini Marekani mwaka wa 2000 kwa msaada wa kampuni ya ushauri wa kibiashara ya Bain & Company, kwa lengo la kuyahudumia mashirika yasiyotafuta faida pamoja na matajiri wanaotoa misaada. Bilionea MacKenzie Scott, ambaye tangu mwaka wa 2020 ametoa mabilioni ya dola kwa mashirika mengi duniani, ni miongoni mwa waliotegemea ushauri wa kampuni hiyo. Mfano mwingine ni Dalberg, iliyoanzishwa mwaka wa 2001 na yenye ofisi jijini Nairobi. Wateja wa kampuni za aina hii ni wakfu kubwa, serikali na taasisi za Umoja wa Mataifa. Maamuzi wanayosaidia kuyafanya yanaweza kugusa Likoni bila hata mmoja wao kuwahi kupanda feri.

Tabaka la kati ni la kampuni ndogo na watu binafsi, wengi wao wakiwa Nairobi na baadhi kisiwani Mombasa. Hawa ni mameneja wa miradi walioacha kazi au ambao miradi yao iliisha, wahadhiri wa vyuo vikuu wanaotafuta nyongeza ya mshahara, na watumishi wa umma waliostaafu wakiwa bado na ujuzi. Ndio hasa wanaoandika kurasa zinazosomwa na wafadhili. Ni watu wenye elimu na mara nyingi wenye nia njema. Wengi wao huishi maisha ya mashaka kuliko inavyodhaniwa, kwani hawana mshahara wa mwezi, hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5 kabla hawajaiona hundi, na hungoja malipo kwa miezi baada ya ripoti kukubaliwa.

Tabaka la chini ni la wale wanaoitwa wakusanyaji data. Ni kijana wa Bofu aliyemaliza diploma akakosa kazi, mhudumu wa afya wa kujitolea wa Shika Adabu, au kiongozi wa kikundi cha vijana Timbwani. Hawa ndio wanaojua ni mlango upi wa kubishwa na upi usibishwe, ni mzee yupi wa mtaa anayepaswa kuamkiwa kwanza, na ni saa ngapi mama muuza samaki hupata nafasi ya kuzungumza. Hulipwa kwa siku au kwa idadi ya hojaji walizojaza. Kazi ikiisha, aghalabu majina yao hayamo kwenye jalada la ripoti. Wakibahatika, hutajwa kwa pamoja katika ukurasa wa shukrani.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Ujuzi wa kuielewa Likoni umo katika tabaka la chini, mamlaka ya kuieleza yamo katika tabaka la kati, na uwezo wa kuamua uko juu kabisa. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Katika biashara hii, anayekilalia kitanda huulizwa tu idadi ya kunguni, na mwingine ndiye anayeandika dawa.

Mlango mwembamba

Mtu anaweza kuuliza: mbona kijana wa Likoni asiombe kazi hiyo ya ushauri mwenyewe? Jibu limo katika matangazo ya zabuni. Mshauri hutakiwa awe na shahada ya uzamili, miaka kadhaa ya tajiriba, ripoti mbili au tatu za kazi kama hiyo alizowahi kuziandika, cheti cha kutimiza wajibu wa kodi kutoka kwa Mamlaka ya Ushuru, na mara nyingi kampuni iliyosajiliwa. Aidha, hutakiwa aandike pendekezo la kitaalamu na jingine la kifedha, yote kwa Kiingereza, na kuyawasilisha katika muda wa wiki mbili au tatu.

Masharti haya yana mantiki yake. Mfadhili anataka uhakika kwamba fedha za walipa kodi wa nchi yake hazikabidhiwi mtu asiyeijua kazi. Hata hivyo, sharti la kuonyesha ripoti ulizowahi kuziandika hugeuka kuwa mduara usio na mlango. Aliyekusanya data kwa miaka kumi hana ripoti yenye jina lake, kwa kuwa jina lake halikuandikwa. Akiomba kazi ya kuandika, huambiwa hana tajiriba. Kwa hivyo hurudi pale pale alipokuwa, akisubiri simu ya mshauri ajaye.

Jambo hili si la Likoni pekee. Wilayani Busia, magharibi mwa Kenya, ndiko mwanauchumi Michael Kremer na wenzake walikoanza katika miaka ya 1990 majaribio kuhusu elimu na dawa za minyoo shuleni, kazi iliyochangia yeye kutunukiwa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka wa 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo. Matokeo yalikuwa na manufaa kwa mataifa mengi, na hakuna sababu ya kuyabeza. Lakini tuzo kama hizo husimama juu ya kazi ya watu wengi waliotembea vijijini wakiwa na hojaji mkononi, ambao ulimwengu haujui hata mmoja wao aliitwa nani.

Jina hubadilika, tatizo halibadiliki

Ili kuona athari za mpangilio huu, inafaa tuitazame historia ya Likoni yenyewe.

Usiku wa Agosti 13, 1997, wavamizi walikishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua maafisa na kutwaa silaha. Katika ghasia zilizofuata, zilizopewa jina la Kaya Bombo, watu zaidi ya 100 waliuawa na takriban 100,000 wakafurushwa makwao, wengi wakiwa wenye asili ya bara. Uchaguzi mkuu ulikuwa umebakisha miezi minne tu. Tume ya Jaji Akiwumi, iliyoundwa mwaka wa 1998 kuchunguza mapigano ya kikabila nchini, ilifika Mombasa na kusikiliza mashahidi. Ripoti yake haikutolewa hadharani hadi mwaka wa 2002.

Kipindi hicho, maneno yaliyotawala katika maombi ya ufadhili yalikuwa amani na upatanisho. Warsha zikafanywa, kamati zikaundwa, wazee wa makabila mbalimbali wakakaa meza moja. Kazi hiyo ilikuwa na faida. Hata hivyo, chini ya ghasia hizo kulikuwa na malalamiko ambayo wenyeji hawakuacha kuyataja: ardhi, na vijana wasio na ajira huku bandari ikionekana ng'ambo ya maji.

Mambo yakageuka. Machi 2014 watu wenye bunduki walilishambulia kanisa moja la Likoni wakati wa ibada na kuua waumini. Mwaka uo huo, hazina ya kimataifa ya kupambana na itikadi kali iitwayo GCERF ilianzishwa mjini Geneva, na baadaye Kenya ikawa miongoni mwa nchi zilizofadhiliwa. Septemba 2016 serikali ikazindua mkakati wa kitaifa wa kupambana na itikadi kali. Kuanzia hapo, kikundi cha vijana kilichotaka vifaa vya ususi au seremala kiligundua kwamba ombi lenye maneno 'itikadi kali' lilisikilizwa upesi kuliko ombi lenye neno 'ajira'. Magenge ya vijana yalipozidi kuhangaisha wakazi, neno likabadilika tena. Siku hizi wanaosikilizwa zaidi ni wanaozungumzia mabadiliko ya tabianchi na uchumi wa bahari.

Kijana ni yule yule. Ni mtoto wa Likoni anayesimama kivukoni kila alfajiri akitafuta kibarua. Katika robo karne amekuwa mhasiriwa wa mapigano, kisha mtu aliye katika hatari ya kusajiliwa na magaidi, kisha mshukiwa wa genge, na sasa mdau wa uchumi wa bahari. Hakuyachagua majina hayo. Mengine yamemdhuru, kwa maana si jambo dogo mtaa wako kuandikwa tena na tena kama chimbuko la magaidi. Mwajiri huyasoma maandishi hayo, na polisi pia huyasoma.

Kwa upande mwingine, tazama suala la ardhi. Shamba la Waitiki, lenye ekari 930 au karibu na hapo, lilivamiwa na maskwota wakati wa vurugu za 1997. Ilichukua hadi Januari 2016 kwa Rais Uhuru Kenyatta kufika Likoni kutoa hatimiliki, na hata hapo wakazi wakatakiwa kulipa Sh182,000 kwa kila ploti, kiasi ambacho wengi walikipinga. Mambo kama hayo hayaingii kwa urahisi katika jedwali la mradi wa miaka miwili. Hayapimiki kwa idadi ya warsha wala kwa orodha ya waliohudhuria. Mshauri anaweza kuyasikia katika kila nyumba anayoitembelea, lakini hadidu za rejea zikiwa zimemwagiza apime 'ustahimilivu wa vijana', ardhi itapata aya moja chini ya kichwa 'mambo mengineyo'.

Ripoti ni ya nani?

Wanaotembea kwa miguu hawalipi nauli katika feri ya Likoni. Magari ndiyo hulipa. Habari za Likoni nazo huvuka vivyo hivyo. Mkazi hutoa saa mbili za siku yake kueleza alivyompoteza mwanawe au alivyokosa matibabu, na simulizi hiyo huvuka maji bila malipo. Ikifika ng'ambo hupakiwa kwenye ripoti, na ripoti ina bei.

Kwa mujibu wa mikataba mingi ya ushauri, ripoti ni mali ya aliyelipa. Mshauri haruhusiwi kuitoa bila idhini. Shirika likiona ina lawama dhidi yake, laweza kuiweka kabatini. Isitoshe, anayetathmini mradi aghalabu hulipwa kutoka kwa bajeti ya mradi uo huo anaoutathmini. Hatuna haja ya kumshuku mtu yeyote kwa rushwa ili tuione hatari iliyopo. Mshauri anayetegemea kuitwa tena atachagua maneno yake. 'Mradi ulishindwa' litakuwa 'mradi ulikumbana na changamoto'. 'Vijana hawakupata chochote' litakuwa 'kuna nafasi ya kuboresha'.

Kizuizi kingine ni lugha. Mahojiano hufanywa kwa Kiswahili au Kidigo. Ripoti huandikwa kwa Kiingereza. Mkutano wa kuithibitisha hufanywa hotelini, upande wa kisiwani au Nyali, na wakazi wachache hualikwa kuusikiliza muhtasari kwa dakika chache kabla ya chakula cha mchana. Mama aliyesema maneno yaliyonukuliwa katika ukurasa wa 30 hana njia ya kujua kama alinukuliwa sawasawa.

Na sheria inasemaje? Ibara ya 35 ya Katiba ya mwaka wa 2010 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizoko mikononi mwa serikali, na hata zilizoko mikononi mwa mtu mwingine ikiwa zinahitajika kutekeleza au kulinda haki fulani. Sheria ya Kupata Habari ilipitishwa mwaka wa 2016. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 nayo inampa mtu haki juu ya habari zinazomhusu. Mtafiti anapaswa kuwa na kibali cha tume ya taifa ya sayansi, NACOSTI. Silaha za kisheria basi zipo. Wasiozitumia ni wakazi, na sababu ni kwamba hakuna aliyewaambia kuwa hojaji ile nayo inahusu haki zao.

Si haki kumtwika mshauri lawama zote

Haitakuwa haki, hata hivyo, kumchora mshauri kama kupe anayenyonya damu ya maskini. Zipo sababu za haki zinazomfanya ahitajike, na historia ya Mombasa inatoa ushahidi.

Aprili 2015, siku chache baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, serikali iliyaorodhesha mashirika mawili ya kutetea haki ya Mombasa, MUHURI na Haki Africa, pamoja na watu na kampuni nyingine ilizozishuku kuwa na uhusiano na ugaidi. Akaunti zao zikafungwa. Mashirika hayo yalikuwa mstari wa mbele kufuatilia visa vya watu kutoweka na kuuawa kiholela Pwani. Novemba mwaka uo huo, Mahakama Kuu ya Mombasa ilisema hatua hiyo ilikuwa kinyume cha sheria na hakukuwa na ushahidi wa kuyahusisha na ugaidi. Shirika linapokabiliwa na dola namna hiyo, vitabu safi vya hesabu na kumbukumbu zilizopangwa vyema ni ngao. Mhasibu na mshauri wa sheria si anasa.

Mahitaji hayo yameongezeka. Sheria ya Mashirika ya Manufaa kwa Umma, iliyopitishwa mwaka wa 2013 na kukaa kabatini zaidi ya mwongo mmoja, hatimaye ilianza kutumika Mei 14, 2024, na kuchukua nafasi ya ile ya mwaka wa 1990. Mashirika yakatakiwa kujisajili upya chini ya mamlaka mpya. Kwa shirika kubwa la Nairobi, hiyo ni kazi ya idara moja. Kwa kikundi cha Likoni chenye wafanyakazi watatu na kompyuta moja, ni mlima. Anayekuja kuwasaidia kuupanda anastahili ujira wake.

Zaidi ya hayo, mzizi wa tatizo mara nyingi uko kwa mfadhili. Mwaka wa 2009 waandishi wawili wa Bridgespan, Ann Goggins Gregory na Don Howard, walichapisha makala yaliyoeleza jinsi mashirika yanavyodhoofika kwa njaa ya aina yake. Mfadhili hutaka karibu fedha zote ziende kwa mradi, si kwa kodi ya ofisi wala mshahara wa mhasibu. Shirika nalo, likiogopa kumkasirisha, huficha gharama hizo na kuzidi kudhoofika, na mfadhili huzoea kuamini kwamba kazi inaweza kufanywa bila gharama hizo. Hali hiyo ndiyo inayozaa utegemezi wa washauri. Fedha za kumwajiri mwandishi wa kudumu mzaliwa wa Likoni hazipo, ila za kumlipa mgeni kwa siku 20 hupatikana.

Mwaka ambao mfereji ulikauka

Mjadala huu ulipata uzito mpya mwaka wa 2025. Januari 20, siku ya kuapishwa kwake, Rais Donald Trump wa Marekani aliamuru misaada ya nchi za nje isimamishwe kwa siku 90. Machi, Waziri wa Mashauri ya Kigeni Marco Rubio alitangaza kuwa asilimia 83 ya miradi ya shirika la USAID imefutwa. Julai 1 shirika hilo likakoma kutekeleza misaada. Kenya ilikuwa miongoni mwa wanufaika wakubwa wa fedha hizo, hasa katika afya.

Ikumbukwe kwamba Novemba 2021 mkuu wa USAID wa wakati huo, Samantha Power, aliahidi kwamba robo ya fedha za shirika lake zingeenda moja kwa moja kwa mashirika ya wenyeji katika muda wa miaka minne. Katika mwaka wa fedha wa 2023 kiwango kilikuwa asilimia 9.6. Ahadi kama hiyo ilikuwa imetolewa na wafadhili wengi mjini Istanbul mwaka wa 2016 kuhusu misaada ya dharura, nayo haikutimizwa kwa wakati. Kwa maneno mengine, fedha zilipokatika, sehemu kubwa ilikuwa bado inapitia mikono ya kati.

Wapo waliosema kwamba kukatika huko ni heri, kwa kuwa mikono hiyo ya kati itapungua. Hoja hiyo inavutia lakini haina mashiko. Fedha zikipungua, ushindani wa zilizobaki huwa mkali zaidi, na katika ushindani mkali hushinda anayejua kuandika, si anayejua mtaa. Mfadhili mwenye wasiwasi huongeza masharti, hapunguzi. Kampuni kubwa ina akiba ya kungojea mvua. Kijana wa Bofu aliyekuwa akijaza hojaji hana. Pamoja naye hupotea ujuzi wa miaka mingi ambao haujaandikwa popote kwa jina lake.

Kinachoweza kufanywa sasa

Ziko hatua ambazo hazihitaji kungoja bunge wala Washington.

Hatua ya kwanza ni kuirejesha ripoti. Kila hadidu za rejea za kazi inayofanywa Likoni ziwe na sharti kwamba muhtasari wa Kiswahili utatolewa na kusomwa katika baraza, kwenye wadi zilizohojiwa, kabla ya malipo ya mwisho kutolewa. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na mkutano mmoja wa hotelini. Wapo watakaosema kwamba habari za usalama haziwezi kusomwa hadharani bila kuhatarisha waliozitoa. Ni kweli, na kwa hiyo majina na mambo yanayoweza kumtambulisha mtu yaondolewe. Lakini hifadhi ya majina isitumiwe kuficha mapendekezo.

Hatua ya pili ni kuandika majina. Mkusanyaji data anayekubali atajwe katika jalada kama mtafiti mwenza na apewe barua inayoeleza kazi aliyoifanya. Kwa kazi nyeti, uamuzi wa kutotajwa uwe wake mwenyewe. Mfadhili anayetaka tajiriba basi ataipata mashinani, ikiwa imeandikwa.

Hatua ya tatu ni ushirikiano. Vikundi vidogo vya Likoni vinaweza kuchanga na kumwajiri kwa pamoja mhasibu mmoja na mwandishi mmoja, badala ya kila kimoja kukodi mgeni kwa zamu. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa na Chuo Kikuu cha Pwani, vyote vilivyopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka wa 2013, vina wahadhiri na wanafunzi wanaoweza kuwaandaa vijana hao bila kuvuka mipaka ya Pwani.

Hatua ya nne inawahusu wakazi wenyewe. Mwaka wa 2017 jamii ya Wasan wa Afrika Kusini, waliochoshwa na watafiti waliokuja, wakachukua na kutorudi, walitoa kanuni zao wenyewe za utafiti. Walisema anayetaka kuwahoji sharti awe na heshima, ukweli, haki na kujali, na afuate utaratibu waliouweka. Wasan ni wachache kuliko wakazi wa Likoni na wana nguvu ndogo zaidi kisiasa. Ikiwa wao waliweza, hakuna sababu wazee, akina mama na vijana wa wadi tano za Likoni, yaani Mtongwe, Shika Adabu, Bofu, Likoni na Timbwani, washindwe kukaa na kuandika ukurasa mmoja wa masharti, na kuukabidhi kwa machifu na kwa kila anayeshuka ferini na hojaji.

Maswali ya ukurasa huo si magumu. Umetumwa na nani? Ripoti itakuwa ya nani? Utairudisha lini, na kwa lugha gani? Mliofanya kazi hii mwaka jana mlipata nini, na mbona mnauliza tena yale yale? Mshauri mwenye nia njema hatachukizwa na maswali hayo. Atayafurahia, kwa sababu yatampa nguvu ya kumwambia mfadhili jambo ambalo pengine amelitamani kwa muda mrefu: kwamba Likoni imekwisha kusema inachohitaji, ikakisema mara nyingi, na kilichobaki si utafiti mwingine bali ni mtu wa kuisoma ripoti iliyopo na kuitekeleza.